Meza ya Mukau na Kadi Tatu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Leo nimedanganya mara mbili kabla ya chai ya saa kumi. Sikupanga. Ulimi uliniteleza tu.

Gathua anahama. Miaka thelathini na mmoja hapa Salama, sasa anafunga duka lake la misumari na mabati, anaenda kuishi kwa binti yake Kui huko Nyahururu. Anasema ni magoti. Mimi najua ni upweke pia, tangu mkewe Wakiuru atuache. Lori linakuja Jumapili tarehe 17. Ameniambia haya akimpimia mteja misumari, bila hata kuinua kichwa.

Halafu akaniuliza kama kuna kitu chake chochote ningetaka aniachie.

Kipo. Meza. Ile ya mbao ya mukau iliyo kwenye baraza la nyuma ya duka, tuliyochezea kadi kila jioni tangu 1994. Mulwa ndiye aliyeichonga, fundi wa mbao ambaye mwingine kama yeye hajawahi kutokea barabara hii yote. Tulikuwa wanne: Gathua, Wakiuru, Mulwa na mimi. Mulwa tulimzika 2012, Wakiuru 2021. Sasa mtu anasemaje mambo kama hayo kwa sauti, mchana, dukani, mteja akihesabu misumari? Nikamjibu kwamba mimi Muthama sina haja na vyombo vya watu. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Dakika kumi hazijaisha, akaingia Ndolo. Huyu ni yule aliyerudi mwaka jana kutoka Nairobi, alikogawa kadi kwenye kasino miaka tisa. Ana chumba kando ya soko na siku hizi anafundisha watu poka ya kasino, wakicheza kwa mbaazi badala ya pesa ili chifu asimsumbue. Akaomba ile meza. Hivyo tu! Mzee Gathua, niachie ile meza ya nyuma. Hana aibu kabisa. Gathua akasema haina neno.

Nikaruka. Nikasema meza ya kadi hupewa mtu anayejua kadi. Ndolo akacheka, akasema kadi yetu, ile ya kutupa kadi na kusema niko kadi ukikaribia kumaliza, ni ya watoto wa shule wakingoja kengele. Anayejua kadi ni anayejua kadi tatu za kasino. Nikasema kadi tatu nilikuwa nazicheza yeye akiwa bado ananyonya. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Gathua akatuangalia kwa muda, mimi zaidi. Kisha akaamua. Jumamosi tarehe 16, saa tisa mchana, juu ya meza yenyewe. Ndolo agawe, mimi nicheze dhidi yake. Nianze na mbaazi mia moja, raundi thelathini. Nikimaliza na zaidi ya mia, meza yangu. Nikibaki na mia au chini, ya Ndolo.

Nina siku kumi na moja za kujifunza mchezo ambao sijawahi kuuona kwa macho.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa leo: kuuona kwa macho.

Nilifunga duka langu la cherehani saa tano nikapita nyuma ya chumba cha Ndolo. Kuna dirisha. Nikasimama kwenye tofali. Nikaona watu wanne wamezunguka meza ya plastiki, kila mmoja na kadi tatu, wanasukuma mbaazi mbele, wengine wanarudisha kadi na kusonya. Hakuna anayekula kadi rundoni. Hakuna anayesema niko kadi. Wanakaa tu na zile tatu walizopewa. Sikuelewa hata kidogo.

Tofali likageuka. Ndolo akatoka, akaniokota, akanipangusa suruali. Akasema kama nataka anaweza kunifundisha bure, ili mashindano yawe ya haki. Nikamwambia nilikuwa natafuta mbuzi. Akaniuliza mbuzi wa rangi gani. Nikasema mweupe. Sina mbuzi. Amewatuma watu wawili kunisaidia kumtafuta.

Jioni Kavindu, mke wangu, aliniuliza kwa nini nisirudi tu kwa Gathua nikamwambia naitaka meza. Nikamweleza si rahisi hivyo. Akasema ni rahisi, ni kufungua mdomo. Wanawake huona mambo juu juu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kibwezi. Nimemwambia kila mtu naenda kununua vifungo, na ni kweli, nimenunua vifungo.

Shufaa, tunayemwita Mama Naila, ndiye huniuzia nyuzi na zipu tangu zamani. Kabla ya hapo alifanya kazi Mombasa miaka sita kwenye hoteli iliyokuwa na kasino, akibeba maji ya matunda. Aliwahi kunitajia. Nikamweleza shida yangu, nikatoa pakiti ya kadi mfukoni. Akaisukuma kwa rula. Akasema yeye kadi hazigusi, ni Mwislamu, hajawahi kuzigusa hata siku moja katika miaka hiyo sita. Lakini macho hayana pazia, aliona kila kitu.

Basi amenifundisha kwa vifungo. Rangi nne, mahali pa maua, moyo, dayamondi na spedi. Ukubwa ndio namba: kidogo cha shati la mtoto ni mbili, kile kikubwa cha koti la mzee ni esi. Nimeshona miaka arobaini, lakini leo ndiyo mara ya kwanza vifungo kunieleza jambo.

Ni hivi. Unaweka dau la kwanza kabla ya kuona chochote. Unapewa kadi tatu, mgawaji naye anachukua tatu. Unaangalia zako. Mbaya, unakunja, dau limeenda. Nzuri, unaweka dau la pili sawa na la kwanza, kisha ndiyo mnafunua. Mgawaji asipokuwa na malkia au zaidi, hajafuzu, unalipwa la kwanza tu. Akifuzu ukamshinda, unalipwa yote mawili. Namba ileile mara tatu ni kali. Mfululizo ni mzuri, rangi moja ni nzuri, jozi si haba. Usipokuwa na kitu, tazama kubwa yako: malkia na sita na nne, au zaidi ya hapo, endelea. Chini ya hapo, kunja.

Na onyo moja, amelirudia mara tatu. Kadi zikitoka mkononi mwako kabla ya kuweka dau la pili, umekunja. Hakuna kesi. Aliona mzee mmoja mwenye suti akilia kwa sababu hiyo.

Shida yangu ni malkia. Kwa kadi yetu malkia ni swali, ukimtupa lazima umjibu kwa kadi nyingine, na huwezi kumalizia naye. Mtu wa Salama akipata malkia mwishoni moyo unaanguka. Kila Mama Naila alipoweka kifungo cha malkia mbele yangu, nilikunja. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akasema, Mzee Muthama, kwa mchezo huu malkia ni mgeni wa heshima, usimfukuze mlangoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazoezi na Kavindu. Yeye mgawaji. Amenimaliza mara nane kati ya kumi, huku akichambua mboga. Hana mpango wowote! Anagawa, anafunua, basi. Mimi nilikuwa nasoma uso wake, nahesabu kadi zilizopita, nasubiri bahati igeuke, na nilikuwa nakula kumbo tu.

Tena jioni nikakuta mbaazi zangu mia moja za mazoezi ndani ya sufuria na mahindi. Nikauliza. Akasema zilikuwa mezani, na vitu vya mezani ni vya kupikwa. Nilikula mtaji wangu wote. Ulikuwa mtamu, siwezi kukataa.

Kwa hiyo mpango mpya. Mimi ni nani? Mimi ni fundi. Kila mtu apigane kwa silaha yake. Nimeshona mfuko ndani ya mkono wa kushoto wa koti langu jeusi, mwembamba, wa bitana, mdomo wake umeelekea kiganjani. Malkia wa moyo analala humo. Nikishusha mkono anateleza. Nimejaribu mara ishirini. Kazi safi sana, ningemwonyesha mtu kama ingekuwa ya kuonyeshwa.

Nilipokuwa nashona nilimkumbuka Wakiuru. Alikuwa anaficha kadi chini ya sahani ya viazi, waziwazi kabisa, na sisi watatu tulijua, na hakuna aliyewahi kusema. Mulwa alikuwa anavuma wimbo puani akipata kadi nzuri, kwa hiyo hakushinda sana. Mwaka wa El Nino, barabara ilipokatika na malori yakajaa hapa mpaka kule mteremkoni, tulicheza siku nne mfululizo na madereva, na Wakiuru alichemsha chai mpaka majani yakaisha Salama nzima. Sijawahi kuwa na siku nne kama hizo tena. Nilijua wakati ule ni furaha? Nadhani nilikuwa nalalamika mvua.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu. Aibu ya mwaka.

Baridi ya Agosti, nikavaa koti jeusi kwenda kanisani. Sina lingine. Wakati wa sadaka tulitoka kwa mistari kwenda mbele kama kawaida, nikanyoosha mkono wa kushoto juu ya kikapu. Malkia wa moyo akateleza. Vizuri sana, vile nilivyomfundisha. Akalala juu ya noti, uso juu.

Mweka hazina akamwinua watu wote wakamwona. Mchungaji akasema Bwana hupokea kila kitu kinachotolewa kwa moyo, lakini hiki benki watakikataa. Kanisa zima lilicheka, hata wale wa kwaya. Kavindu alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na hatua zake zilikuwa ndefu.

Saa kumi Ndolo alituma salamu kupitia kwa mwuza machungwa. Anasema Jumamosi tutacheza na mashati ya mikono mifupi.

Jumanne, 12 Agosti

Jana Ndolo alileta kizibao chake cha kasino, kile cheusi chenye mstari wa dhahabu, nikiongeze upana. Amenenepa. Anataka kukivaa Jumamosi. Nikaona mkono wa Mungu. Mgawaji asiyeweza kupumua hawezi kugawa vizuri. Badala ya kuongeza nikapunguza, inchi moja kila upande.

Leo akaja kukichukua. Akakijaribu hapo hapo nje ya duka langu, mbele ya akina mama wa machungwa. Akavuta pumzi. Kikapasuka mgongoni kutoka shingo mpaka kiuno, mlio wake uliwafikia watu wa ng'ambo ya barabara.

Nikangoja wamcheke. Wakanicheka mimi. Mmoja akasema fundi akianza kupima kwa makadirio ni wakati wa kupumzika. Mama aliyekuwa ameleta kitambaa cha sare tatu za shule akaomba arudishiwe, hakijakatwa bado, afadhali. Ndolo ndiye aliyenitetea. Akasema pole mzee, macho yamefanya kazi nyingi. Akanilipa! Nilikataa, akaweka pesa kwenye droo ya cherehani na kwenda zake na kizibao chake mikononi vipande viwili.

Nimekasirika kuliko kama angenitukana.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepita kwa Gathua. Duka limebaki na harufu tu. Rafu tupu, masanduku yamefungwa kwa kamba. Mahali palipokuwa na kalenda za miaka yote pana miraba myeupe ukutani.

Baraza la nyuma liko vile vile. Meza iko vile vile. Niliketi upande wangu, nikapitisha kidole chini ya ubao, zile alama za patasi ziko. Mulwa alikuwa anamkatia kila mtu alama akishinda, kila mmoja na upande wake, tukikubaliana kuhesabu mwisho wa mwaka. Hatukuwahi kuhesabu hata mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka ulikuwa unafika na chai, na chapati za Wakiuru, na kila mtu anasema mwakani.

Gathua akaleta vikombe viwili, na pakiti ya kadi. Zile zake za zamani, zimelainika kama kitambaa. Akasema tucheze moja. Kadi yetu. Mimi na yeye.

Nilitaka. Niandike hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma: nilitaka sana. Lakini nilikuwa nimejifunza siku sita mfululizo kumpenda malkia na kukaa na kadi mkononi bila kuzitupa. Mama Naila alisema mazoea ni kitu kibaya. Nikicheza kadi yetu leo, Jumamosi mkono utasahau. Nitapoteza meza. Nikamwambia Gathua tucheze siku nyingine. Kesho, nikasema. Keshokutwa baada ya mashindano.

Akasema sawa. Akazichanganya zile kadi kwa muda mrefu, mara nyingi kuliko inavyohitajika, kisha akazirudisha kwenye kasha lake. Tukanywa chai. Tuliongea juu ya bei ya mbaazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshindwa. Ngoja niandike vizuri.

Saa tisa watu walikuwa wamejaa barazani. Ndolo na shati la mikono mifupi, mimi na shati la mikono mifupi, baridi ikituchapa wote wawili. Kavindu alikuja na mfuko wa mbaazi, akanihesabia mia moja, akanionya nisizile. Gathua alikaa katikati kama mwamuzi. Dau tano tano.

Raundi za kwanza niliteswa. Nikamwona malkia mara mbili, mara mbili nikamfukuza. Kufikia raundi ya kumi nilikuwa na mbaazi hamsini na tano, na Ndolo alikuwa anagawa bila kuangalia, kadi zinatoka mkononi mwake zinalala mbele yangu moja, mbili, tatu, zimenyooka. Ni fundi yule mtu, nakubali. Mwenye kazi yake humwona mwenye kazi yake.

Kisha nikaanza kuona vifungo. Sijui niseme vipi. Niliacha kuona malkia, nikaona kifungo kikubwa cha bluu cha Mama Naila. Malkia na tisa na tatu? Endelea. Kumi, saba, mbili? Kunja. Nikaacha kumsoma Ndolo usoni. Sikuwa na mpango wowote. Hamsini na tano ikawa themanini, themanini ikawa tisini na tano. Raundi ya ishirini na tisa, jozi ya nane, Ndolo hakufuzu. Mia moja kamili.

Imebaki moja. Nikishinda kwa njia yoyote meza ni yangu. Watu walisogea karibu. Gathua alikuwa ameegemea mbele, viwiko juu ya mukau, na nilijua, naapa nilijua, anataka nishinde.

Nikaweka dau la kwanza. Nikainua kadi zangu.

Saba. Saba. Saba.

Kwa mchezo wa Ndolo hiyo ni kali, karibu hakuna cha kuishinda. Weka mbaazi tano, funua, nenda nyumbani na meza. Hata mtoto angefanya. Lakini mtu yeyote aliyecheza kadi yetu anajua saba tatu ni nini. Kadi za namba ileile hutupwa zote pamoja. Ukibaki na saba tatu mkononi na zamu ni yako, unatupa zote kwa mpigo mmoja na umemaliza. Miaka thelathini na mmoja mkono wangu ulikuwa unasubiri hivyo mwisho wa kila siku.

Mkono ulikwenda wenyewe. Nikazipiga zote tatu juu ya meza, paa, nikasimama.

Na Gathua akasimama. Mwamuzi! Na magoti yake hayo. Akapiga kelele amemaliza, Muthama amemaliza, akanishika mabega na kunitikisa, mimi nikamshika yeye. Wazee wengine waliokuwepo wakapiga makofi, wote wacheza kadi yetu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia kabisa kama Wakiuru anacheka jikoni. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu 2012, na sioni haya kuiandika.

Kisha Ndolo akakohoa. Akasema kwa sauti ya chini, akiangalia chini, kwamba dau la pili halijawekwa. Kadi zimetoka mkononi. Mzee amekunja.

Tisini na tano.

Watu walipoondoka Gathua alibaki ameketi. Akasema Jumanne ile alinipa nafasi. Alingoja nimjibu. Hata leo asubuhi, akasema, ningemwambia neno moja tu angemnunulia Ndolo meza nyingine. Nikamwambia mchezo ni mchezo na mimi meza ninazo. Ninayo moja, ya kupigia pasi.

Hatukucheza ile kadi ya keshokutwa. Hakuna aliyeitaja.

Jumapili, 17 Agosti

Lori lilikuwa liondoke saa tatu. Mpango wangu ulikuwa huu: nifike saa tatu kasoro dakika mbili, kama mtu anayepita tu na mambo yake. Dakika mbili zinatosha kushikana mikono. Hazitoshi macho kuanza upuzi.

Nikangoja nyuma ya kinu cha unga tangu saa moja, ili nisionekane nimewahi.

Kui alikuwa ameharakisha watu wapakie mapema, safari ni ndefu na mzee wake huchoka haraka akiwa amekaa. Lori liliondoka saa mbili na nusu. Nilipotokea kona nilikuta alama za magurudumu, na Kavindu amesimama peke yake mlangoni pa duka lililofungwa.

Ameniambia yote, hakuacha hata kidogo. Kui alikuja nyumbani kunitafuta, nikakosekana. Akaenda kwenye cherehani, pamefungwa. Gathua alikuwa ameshapanda mguu mmoja kwenye lori, na akakaa hivyo robo saa, mguu mmoja juu mmoja chini, akiangalia barabara ya soko. Dereva alipiga honi mara mbili. Mwishowe akasema huyo Muthama ana kazi nyingi, siku zote amekuwa mtu wa kazi.

Nilirudi kwenye cherehani nikafunga mlango, nikalia. Siyo kidogo.

Alhamisi, 21 Agosti

Gathua amepiga simu. Saa nne asubuhi, nikiwa sina hata kitambaa kimoja cha kushona.

Anasema Nyahururu kuna baridi ya kuuma masikio. Kui anamlisha vizuri mno. Majirani ni watu wazuri lakini hakuna hata mmoja anayejua kucheza kadi ya maana, wanataka kuongea maziwa tu. Amenunua pakiti mpya, iko mezani, haijafunguliwa. Kisha akaniuliza moja kwa moja, nitakwenda lini.

Nikamwambia kazi zimenijaa mpaka hapa. Labda mwaka ujao, tutaona. Akasema sawa. Simu ikaendelea kula pesa zake, kisha akaaga.

Tangu hapo sijakaa chini. Mpango ni huu, na huu hauna tundu. Huko Nyahururu kuna baridi, kwa hiyo kuna sweta. Fundi ana haki ya kwenda kuangalia sweta. Nitapanda gari Jumatatu, nishuke sokoni, niulize ulize bei, kisha nipite mbele ya lango la Kui nikiwa nimebeba sweta mbili, taratibu, bila kuangalia ndani. Nipite tena nikirudi. Akiwa nje ataniona. Ataniita. Nami nitashtuka na kusema, kumbe ni huku unakoishi? Asipokuwa nje, nitapita mara ya tatu. Nikikosa Jumatatu nitalala gesti na kupita Jumanne.

Nimemwonyesha Kavindu mchoro. Ameutazama akauliza kwa nini nisimpigie simu tu sasa hivi, nimwambie nimemkumbuka, nakuja Jumatatu.

Nimemweleza kwa upole, maana anazeeka. Mtu hawezi kumpigia mwenzake simu hivi hivi akamwambia amemkumbuka. Lazima kuwe na sweta.